Kuziba Pengo

Katika miaka ya 1930 Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Kisovieti, alipigwa picha kando ya Stalin kwenye ukingo wa mfereji wa Moscow. Mwaka 1940 aliuawa. Katika nakala iliyotolewa baadaye hayumo. Pale alipokuwapo mafundi walichora maji.

Picha moja huvumilia mkono wa binadamu. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, na kiraka kisicholingana kati ya fremu mbili huonekana mara moja. Nyaya zilizoshikilia pikipiki iliporuka katika filamu ya Terminator 2, ya mwaka 1991, zilifutwa kwa kompyuta, lakini bado kazi ilitegemea jicho la fundi.

Mwaka 2000 mtafiti Marcelo Bertalmio na wenzake waliifundisha kompyuta desturi ya mafundi wa makumbusho wanaokarabati michoro: anza pembezoni mwa pengo, endeleza mistari kuelekea ndani. Njia hiyo iliweza kufuta kamba na maandishi. Pengo likiwa kubwa, iliacha ukungu.

Hatua iliyobadilisha mambo kwa video, kwa maoni yangu, ni ile ya mwaka 2004 ya watafiti Yonatan Wexler, Eli Shechtman na Michal Irani, huko Israeli. Waliona kwamba ukuta uliofichwa na mpita njia sasa hivi huenda ulikuwa wazi sekunde iliyopita. Hivyo wakaitazama video nzima kama bonge moja lenye upana, urefu na muda, na pengo wakaliziba kwa vipande vya bonge hilohilo. Katika mfano wao mmoja, mtu amesimama akipunga mikono, na mwingine anarukaruka nyuma yake. Wa mbele akaondolewa. Wa nyuma akaendelea kuruka bila kukatika. Kulikuwa na kukisia, naam, lakini kila kipande kilitoka kwenye kamera ileile.

Baadaye utafutaji wa vipande uliharakishwa, na kufikia 2019 kazi hiyo ya kuziba pengo ilikuwa ndani ya programu ya kuhariri video ya After Effects. Mitandao ya neva ya kompyuta nayo imejifunza kutokana na video za watu wengine. Isipopata cha kuazima, hubuni kitu ambacho kamera haikukiona kamwe.

Kwa video ya harusi, sina pingamizi. Kwa habari na ushahidi wa mahakamani, wahariri na wapelelezi, hifadhini video ya awali bila kuigusa, na kila mnapofuta kitu, semeni wazi mmefuta nini.