Bingwa wa dunia, dunia ipi?

Juzi kijiweni ulizuka ule ubishi wetu wa siku zote: nani bondia mkali kuliko wote wa uzito wa juu? Vijana wenzangu wakashika bango la Tyson. Kuna mzee mmoja pale, yeye kwa Muhammad Ali hasikii wala haambiwi. Anakumbuka hata Ali alipotua Dar es Salaam Februari 1980, katumwa na Rais Carter aishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu akagoma kuonana naye. Mimi nikachomekea jina la Sam Langford. Kimya. Halafu jamaa mmoja akauliza, "Huyo alikuwa bingwa mwaka gani?"

Hakuwa bingwa mwaka wowote. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya.

Chukua orodha ya mabingwa wa dunia wa uzito wa juu, usome kuanzia John L. Sullivan mwaka 1882. Hadi mwishoni mwa 1908 ni Wazungu watupu. Anaingia Jack Johnson, mweusi, anakaa hadi 1915. Baada yake Wazungu tena hadi Juni 1937, alipotokea Joe Louis. Mtu asiyejua historia atadhani weusi wa Marekani walikuwa hawajui ngumi, wakajifunza ghafla.

Walikuwa wanajua sana. Kilichokuwepo ni kitu Wamarekani walichokiita kuchora mstari wa rangi. Bingwa alikuwa na uhuru wa kuchagua apigane na nani, na akisema sipigani na mweusi, basi, hadithi imekwisha. Hakukuwa na kitabu cha kanuni kilichoandikwa hivyo. Mwaka 1892 Sullivan alitangaza hadharani kwamba yuko tayari kwa wapinzani, ila mweusi hapana. Kila mtu alijua anamkwepa nani: Peter Jackson.

Jackson alizaliwa 1861 katika kisiwa cha St. Croix huko Karibiani, akakulia Australia na kuwa bingwa wa nchi hiyo mwaka 1886. Mei 1891, mjini San Francisco, alipigana na James J. Corbett raundi 61. Sijakosea kuandika, ni sitini na moja. Hakupatikana mshindi, wote wawili walikuwa hoi. Mwaka uliofuata Corbett akapewa nafasi ya kupigana na Sullivan, akamshinda, akawa bingwa wa dunia. Jackson akasubiri zamu yake. Mazungumzo ya marudiano yakakwama, miaka ikakatika. Ili apate riziki alizunguka na kikundi cha maigizo akicheza kama Mjomba Tom, yule mtumwa mpole wa kwenye riwaya. Hebu fikiria: mwanamume aliyesimama raundi 61 na bingwa wa dunia mtarajiwa, jioni anapanda jukwaani kuwainamia mabwana wa kuigiza. Alifariki 1901 kwa kifua kikuu.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni. Wazungu wale hawakukataa kupigana na weusi moja kwa moja. James J. Jeffries alimpiga huyohuyo Jackson mwaka 1898 katika raundi ya tatu, Jackson akiwa amekwisha kabisa. Ila Jeffries alipopata ubingwa 1899, mlango ukafungwa. Na kwenye uzito mdogo weusi walikuwa na mikanda. Joe Gans alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito mwepesi mwaka 1902. Kwa nini basi uzito wa juu tu? Nionavyo mimi, ni kwa sababu bingwa wa uzito wa juu alihesabiwa ndiye dume la madume. Ukimpa mweusi cheo hicho, hadithi nzima ya nani ni bora kuliko nani inaingia nyufa.

Johnson aliuvuka mstari ule kwa sababu ya fedha. Alimfuata bingwa Tommy Burns hadi Uingereza, kisha Australia, akimchokoza magazetini. Promota Hugh McIntosh akampa Burns kitita cha dola 30,000, kufuru kwa wakati ule. Johnson aliambulia 5,000. Tarehe 26 Desemba 1908, Sydney, Johnson akamchezea Burns kama paka na panya hadi raundi ya 14, polisi wakaingilia. Kamera ya sinema ilizimwa ili dunia isimwone Mzungu akianguka.

Na sasa niseme kuhusu sisi waandishi. Pale ulingoni alikuwepo Jack London, mwandishi maarufu wa riwaya, akiripoti kwa gazeti la New York Herald. Alikiri kwamba Johnson ni bora, kisha akamaliza ripoti yake kwa kumwita Jeffries atoke shambani kwake aje kurudisha heshima ya Wazungu. Magazeti yakaushika wimbo huo hadi Jeffries, aliyekuwa amestaafu tangu 1905, akakubali. Julai 4, 1910, mjini Reno, Nevada, Johnson alimtandika hadi raundi ya 15. Usiku ule vurugu zikalipuka miji mingi ya Marekani, watu kadhaa wakauawa, wengi wao weusi ambao kosa lao lilikuwa kushangilia. Miji ikapiga marufuku filamu ya pambano, na mwaka 1912 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia filamu za ngumi kusafirishwa kutoka jimbo hadi jimbo. Kalamu zilichangia kuwasha moto ule. Nikiwa chumba cha habari huwa nalikumbuka hilo.

Yaliyomkuta Johnson baadaye yanajulikana, nitapita haraka. Alioa wanawake wa Kizungu, akaendesha magari ya kifahari, hakuomba radhi kwa yeyote. Mwaka 1913 baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, lilimtia hatiani kwa sheria iliyotungwa kuzuia usafirishaji wa wanawake kwa ajili ya ukahaba. Akakimbia nchi, akapoteza ubingwa kwa Jess Willard mjini Havana Aprili 1915, akarudi 1920 kutumikia kifungo. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1946. Msamaha wa rais ulikuja 2018.

Wengi tunapomsimulia Johnson tunaishia hapo: shujaa aliyeonewa. Ni kweli alionewa. Lakini nina dukuduku naye. Alipokuwa bingwa, kulikuwa na weusi watatu wakali mno: Sam Langford, Joe Jeannette na Sam McVea. Alikwisha kupigana nao wote kabla hajawa bingwa. Baada ya kupata ubingwa hakumpa hata mmoja nafasi. Hoja yake ilikuwa mapato, kwamba weusi wawili ulingoni hawajazi ukumbi. Mweusi pekee aliyepata nafasi ni Battling Jim Johnson, Paris, Desemba 1913, wakatoka sare. Mkono uliouvuka mstari ndio uliouchora upya. Kuna rafiki yangu ananiambia nisimhukumu, kwamba mtu aliyezungukwa na maadui ana haki ya kulinda mkate wake. Labda. Ila nadhani Langford angekuwa na jibu.

Wale watatu walibaki wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Aprili 1909, Paris, Jeannette na McVea walipigana raundi 49, zaidi ya saa tatu. Jeannette aliangushwa zaidi ya mara 20, na bado McVea ndiye aliyeshindwa kuendelea. Langford alikutana na Harry Wills zaidi ya mara 15, si kwa kupendana, bali kwa kukosa wengine wa kupigana naye. Huyo Wills naye alimwandama Jack Dempsey miaka ya 1920. Kamisheni ya ngumi ya New York ikasema Dempsey apigane na Wills kwanza. Pambano la Dempsey na Gene Tunney likahamishiwa Philadelphia, Septemba 1926, wakajaa watu zaidi ya 120,000. Wills hakuipata nafasi hiyo maisha yake yote. Na Joe Louis alipokuja kupewa, watu wake walimwekea masharti: asipigwe picha na mwanamke wa Kizungu, asimcheke mpinzani aliyeanguka. Yaani kwanza athibitishe kwamba yeye si Johnson.

Langford alizaliwa Nova Scotia, Kanada. Urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 7 hivi, akipigana na majitu. Mwaka 1903 alimshinda Joe Gans, bingwa wa uzito mwepesi, lakini ubingwa haukuwa mezani kwa kuwa Langford alizidi uzito. Mwaka 1917 aliumia jicho vibaya, hakuacha. Mwaka 1923 alitwaa ubingwa wa Mexico akiwa karibu haoni kabisa. Alipigana hadi 1926, akiwatafuta wapinzani kwa kuwagusa.

Mwaka 1944 mwandishi wa New York Herald Tribune, Al Laney, alianza kumtafuta. Aliowauliza wakamwambia jamaa kafa zamani. Laney hakukubali, akaendelea kuuliza Harlem nzima hadi akamkuta kwenye kachumba kabovu, kipofu, ana senti 20 mfukoni. Alichoandika kiliwagusa wasomaji, wakachanga zaidi ya dola 10,000. Krismasi ilipofika Laney alimrudia. Langford alikuwa na gitaa, chupa ya jini, na hela ya chakula cha sikukuu, akamwambia hakuna tajiri anayemzidi. Alicheka sana, anasimulia Laney. Aliishi hadi Januari 1956, na kwenye ile orodha ya mabingwa hutamkuta.