Januari 1977: Kumbukumbu ya Unguja Iliyoanzia Shinyanga

Mwaka Visiwani huanza na shamrashamra. Januari 12 ni siku ya Mapinduzi ya 1964. Hazijapita wiki nne, Februari 5 wanachama wa CCM huadhimisha siku ambayo mwaka 1977 ASP na TANU viliungana kuwa chama kimoja. Katika siku za mwisho mwisho za vyama hivyo viwili lilitokea jambo jingine, ambalo halipigiwi beni wala halisomewi risala. Mwezi Januari wa mwaka huo huo wa 1977, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, alijiuzulu. Nusu karne ya tukio hilo inaangukia Januari 2027.

Mwinyi alizaliwa Mkuranga, Mei 8, 1925, akalelewa na kusomeshwa Unguja. Watu wa mwambao wanamhesabu kuwa wao kwa pande zote mbili. Lakini kilichomng'oa uwaziri hakikutoka mwambao. Kilitoka Usukumani, mbali na harufu ya bahari, katika nchi ambayo leo mtu akiifikia kwa kupitia Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, huona tambarare pana ya pamba na ng'ombe. Wilaya yenyewe ni changa, ilimegwa 2002. Mwaka 1977 sehemu hizo zilikuwa za Wilaya ya Shinyanga. Msomaji wa pwani akiisikia Kishapu, huikumbuka kwa almasi ya Mwadui, aliyoivumbua John Williamson, mtu wa Kanada, mwaka 1940. Jiwe la rangi ya waridi lililotoka huko 1947 alitunukiwa Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Lilikuwa la karati 54.5, lilipochongwa likabaki 23.6. Jiwe linajulikana mwaka lilipotoka, uzito wake na aliyelivaa.

Vikongwe wa nchi hiyo hiyo hawakuwekewa hesabu ya namna hiyo.

Shinyanga ilikuwa na misitu. Serikali ya kikoloni iliamuru maeneo makubwa yafyekwe ili mbung'o wakose pa kukaa, na jembe la pamba likamalizia sehemu ya yaliyobaki. Kuni zikawa adimu. Mwanamke wa Kisukuma akawa anapikia kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi wake ni mkali. Anayeinama juu ya moshi huo tangu usichana, akiwapikia wanawe kisha wajukuu, huzeeka na macho mekundu. Macho hayo ndiyo yaliyofanywa ushahidi. Mtoto akifa, au ng'ombe wakipukutika, mganga aliulizwa, na kidole kikaelekezwa kwa ajuza mwenye macho mekundu. Wauaji walikuja usiku na mapanga.

Katikati ya miaka ya 1970 mauaji hayo yalizidi, na mwaka 1976 serikali ilianzisha operesheni katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Nia ilikuwa kuwalinda wazee. Polisi na maofisa wa usalama waliwakamata watu kwa mamia, na kwa kutaka maungamo ya haraka wakawatesa. Baadhi ya waliokamatwa walifia mikononi mwao. Hivyo waliouawa bila ya shtaka wakalipiziwa kwa kuwaua wengine bila ya hukumu. Habari zilipofika juu, Mwinyi, ambaye hakumgusa mtu hata kwa ukucha, alikubali kwamba polisi ni wa wizara yake na dhamana ni yake. Akaacha kazi. Peter Siyovelwa, waziri mwenzake aliyesimamia usalama, naye aliacha.

Neno lenyewe lafaa kutazamwa. Kuuzulu, lenye asili ya Kiarabu, ni kumwondoa mtu katika madaraka; aghalabu hufanywa na mkubwa kwa mdogo. Kiswahili kikatia silabi moja tu, -ji-, na mtu akawa ndiye mwenye kuhukumu na ndiye mwenye kuhukumiwa. Ni neno linalotamkwa mara nyingi kuliko linavyotendwa.

Wako wanaosema alianguka akaangukia juu: alipelekwa Misri kuwa balozi, akarudi barazani 1982, akashika urais wa Zanzibar Januari 1984 na wa Jamhuri ya Muungano Novemba 1985. Hoja hiyo inasahau kwamba Januari 1977 ngazi hiyo haikuonekana na yeyote. Aliyekuwa akiondoka alikuwa akiondoka.

Lakini kujiuzulu huko hakukuzima moto Usukumani. Vikongwe waliendelea kuuawa kwa miongo. Pengine lililogusa mzizi ni jambo la kimya zaidi: mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, Mwinyi akiwa Ikulu. Wanavijiji walirudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yasichungwe wakati wa masika ili mifugo ipate chakula kiangazi. Miti ikaota upya ndani yake, na kuni zikarudi. Mwaka 2002, mwaka ule ule Kishapu ilipokuwa wilaya, kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta mjini Johannesburg. Hakuna aliyeitunuku kwa ajili ya macho ya bibi vizee, ijapokuwa mti na jicho, huko, ni habari moja.

Mzee Mwinyi alifariki Dar es Salaam Februari 29, 2024, tarehe isiyorudi ila baada ya miaka minne, akazikwa Mangapwani, Unguja, Machi 2. Katika taazia zake nyingi, Januari 1977 ilitajwa. Waliozikwa Shinyanga miaka hiyo, ajuza waliokatwa mapanga na watuhumiwa waliofia kizuizini, tarehe zao zimebaki kwa watoto wao.