Mishahara ya Kompyuta kwa Kipimo cha Mafundi Chuma

Katika Afrika Mashariki mishahara ina siku yake, nayo ni Mei Mosi. Mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alisimama Singida akatangaza kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1. Aliyelelewa katika desturi hiyo akifika Stockholm, Uswidi, atashangaa kukuta nchi isiyo na sheria ya kima cha chini cha mshahara, wala waziri mkuu anayetegewa sikio jukwaani. Ukiuliza kama mishahara ya watengeneza programu wa jiji hilo, lililozaa Ericsson, Klarna na Spotify, inakwenda sambamba na bei za vitu uchumi unapoyumba, jibu haliko serikalini, na kwa kiasi kikubwa haliko hata ndani ya kampuni hizo. Liko kwenye asilimia inayokubaliwa na vyama vya wafanyakazi na waajiri wa viwanda vinavyouza bidhaa nje: chuma, magari, karatasi, kemikali. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho cha viwandani kimewalinda wanateknolojia kuliko wengi wao wanavyokubali, ingawa kinalinda kwa mwendo wa kobe. Na kwamba hasara kubwa ya nyakati mbaya haionekani vizuri kwenye takwimu za mishahara, kwa kuwa wanaoibeba ni wale walioondolewa kazini.

Mpango huu haukutokana na upole wa Waswidi, kama wageni wanavyopenda kuamini. Lars Magnus Ericsson alipofungua karakana yake Stockholm mwaka 1876, mwajiri ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya malipo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, LO, liliundwa 1898. Waajiri wakajibu kwa kuunda lao, SAF, mwaka 1902. Mwaka 1909 pande hizo zilipambana katika mgomo mkuu wa watu wapatao 300,000. Wafanyakazi walishindwa, na LO ikapoteza karibu nusu ya wanachama wake. Uswidi ya miaka iliyofuata ilikuwa miongoni mwa nchi zenye migomo mingi zaidi Ulaya, mpaka mwaka 1938, katika hoteli moja ya Saltsjöbaden nje kidogo ya Stockholm, LO na SAF zilipotia saini makubaliano ya jinsi ya kujadiliana na jinsi ya kugombana, serikali ikiwekwa kando. Mwaka 1951 wachumi wawili wa LO, Gösta Rehn na Rudolf Meidner, wakaongeza fundisho lililoutikisa mpangilio mzima wa malipo: kazi zinazofanana zilipwe sawa, kampuni iwe na faida nono au iwe taabani. Kampuni dhaifu ife, watu wake wafundishwe kazi nyingine. Kampuni imara isilazimishwe kulipa kupita wengine, faida yake iende kwenye upanuzi. Ericsson ilinufaika sana na fundisho hilo. Wahandisi wake, walioweza kudai zaidi, hawakunufaika kwa kiasi hicho.

Manung'uniko ya wataalamu, basi, ni ya tangu zamani. Kompyuta ya BESK, iliyoanza kazi Stockholm mwaka 1953 na kwa muda mfupi ikahesabiwa miongoni mwa zenye kasi kubwa kabisa duniani, ilijengwa na watu wa bodi ya serikali. Mwaka 1956 Facit, kampuni binafsi ya mashine za hesabu, ikawachukua wengi wao kwa mpigo, kwa mishahara mikubwa zaidi. Mwaka 1971 wasomi wa shirikisho la vyama vya wataalamu, SACO, walimu na maofisa wa serikali miongoni mwao, waligoma wakisema bei na kodi zimeila nyongeza yao. Serikali ya Waziri Mkuu Olof Palme haikuishia kukataa. Iliwafungia nje ya kazi walimu na hata maofisa wa jeshi, kisha Machi mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha wote kazini. Dai la wasomi hao halikuwa la kipuuzi. Hata hivyo, yaliyofuata yanaonyesha kwa nini kuzifukuza bei kwa asilimia kubwa hakukuwa dawa. Katika miaka ya 1970 na 1980 mishahara ya Uswidi ilipanda kila mwaka kwa tarakimu za kupendeza, bei nazo zikapanda, bidhaa zikawa ghali nje, na krona ikashushwa thamani tena na tena: mwaka 1977, kisha asilimia 10 mwaka 1981, kisha 16 mwaka 1982. Uwezo halisi wa kununua ulikaribia kusimama palepale. Mwisho wake ulikuwa Septemba 1992, Benki Kuu ilipopandisha riba yake hadi asilimia 500 kuitetea krona, ikashindwa, na Novemba ikaiachia ielee. Uchumi ulinywea miaka mitatu mfululizo.

Ni katika majivu hayo ndipo viwanda vilipoafikiana mwaka 1997 kwamba sekta inayoshindana na dunia itajadiliana kwanza, na asilimia yake itakuwa dira ya nchi nzima. Wanateknolojia wameingia humo kupitia vyama kama Unionen na Sveriges Ingenjörer, vinavyojadiliana na waajiri wa sekta ya huduma walio chini ya Almega. Kwa kawaida asilimia hiyo huwa ni fungu ambalo mkuu wa kazi huligawa kwa mtu mmojammoja. Hodari hupata zaidi, mwingine akapata kidogo sana. Katika robo karne iliyofuata nyongeza zilikuwa ndogo machoni, lakini mshahara halisi ulipanda karibu kila mwaka, jambo ambalo miaka ya tarakimu kubwa haikuweza.

Anayepinga ataniuliza: na lilipopasuka puto la intaneti? Ericsson ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000 duniani mwaka 2000. Mwisho wa 2003 walibaki karibu nusu. Lakini hapo ndipo takwimu za wastani hudanganya. Kampuni inapopunguza watu, na sheria ya Uswidi ya 1974 ikitaka kwa kawaida aliyeingia mwisho atoke kwanza, wanaobaki ni wakongwe wenye mishahara mikubwa. Wastani unaweza kupanda katika mwaka mbaya kabisa bila mtu yeyote kuongezewa hata krona moja. Kwa hiyo anayeonyesha kwamba mishahara ya teknolojia haikuanguka wakati wa mtikisiko hajathibitisha mengi. Inabidi aonyeshe pia walikokwenda waliotoka. Katika hili mfumo wa Stockholm una chombo kisichosifiwa vya kutosha: TRR, baraza lililoundwa mwaka huohuo wa 1974 na waajiri na vyama vya wafanyakazi wa ofisini, linalomsaidia aliyepunguzwa kutafuta kazi nyingine. Anayefaidika ni yule ambaye mwajiri wake yumo katika mkataba wa pamoja na vyama.

Jaribio kali zaidi lilikuja 2022. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 8.4 mwaka huo na 8.5 mwaka 2023, huku mishahara ikipanda chini ya asilimia 3, kisha karibu 4. Katika miaka miwili takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wa kununua ikayeyuka. Riba ya Benki Kuu ilitoka sifuri Aprili 2022 hadi asilimia 4 Septemba 2023, na Waswidi wengi wana mikopo ya nyumba ambayo riba yake hubadilika haraka. Viwanda vilipokubaliana Machi 2023 juu ya asilimia 7.4 kwa miaka miwili, wapo waliosema vyama vimesalimu amri. Kwa mwaka ule peke yake, wana haki ya kusema hivyo. Lakini kufikia 2024 wastani wa kupanda kwa bei ulishuka hadi 2.8 na mishahara ikaupita. Sidai kwamba nyongeza ndogo ndiyo pekee iliyoshusha bei; nishati na riba zilikuwa na nguvu kubwa zaidi. Ninachodai ni kwamba safari hii Uswidi haikurudia mbio za miaka ya 1970.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa vijana wa kampuni changa: fundi hodari hahitaji kipimo cha mtu mwingine, anajadiliana mwenyewe na kulipwa hisa. Mwaka 2021 hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Klarna ilithaminiwa dola bilioni 45.6; Julai 2022, baada ya kupunguza takriban asilimia 10 ya watu wake, thamani ilikuwa bilioni 6.7. Hisa ya Spotify ilitoka zaidi ya dola 300 mapema 2021 hadi chini ya 80 mwisho wa 2022, na mwaka uliofuata kampuni ikapunguza watu mara tatu, mara ya mwisho ikiwa asilimia 17 mwezi Desemba. Baadaye hisa hiyo ilipaa sana, lakini kupaa huko hakukumsaidia sana aliyekwisha kutoka. Wafanyakazi wa Klarna walisoma alama za nyakati: vyama vilitoa notisi ya mgomo, na mwanzoni mwa Novemba 2023 kampuni ikasaini mkataba wa pamoja. Spotify ilikataa mwaka huohuo. Kweli, kampuni isiyo na mkataba inaweza kulipa vizuri kuliko yenye mkataba, na nyingi hulipa. Tofauti huonekana siku ya kupunguzwa, wakati, mbali na sheria, kilichoandikwa kwenye barua ya ajira ndicho pekee alichonacho mtu asiye na mkataba huo.

Na wapo ambao hata mkataba hauwafikii vizuri. Wahandisi wengi wa Stockholm ni wageni wenye vibali vya kazi, na kwa kanuni zilizokuwapo 2023, mwaka ambao Ericsson ilitangaza kupunguza takriban watu 1,400 nchini humo, aliyepoteza kazi alikuwa na miezi mitatu kupata nyingine au kuondoka. Mtu mwenye miezi mitatu habishani sana juu ya mshahara. Ofisi kuu za Ericsson ziko Kista, kituo kimoja tu cha treni ya chini ya ardhi kutoka Husby, na jirani na Rinkeby, makazi ya wahamiaji wengi wakiwemo Wasomali. Kwa msafishaji na dereva wa huko, asilimia ileile ya viwandani huongoza nyongeza, na wasiwasi wa kibali nao si mgeni kwa baadhi yao. Mkataba wa 2025 ulitoa asilimia 6.4 kwa miaka miwili, hadi Machi 2027. Bei zikibaki karibu na asilimia 2 inayolengwa na Benki Kuu, mfanyakazi wa kawaida anarudishiwa kitu kama asilimia moja na ushei kwa mwaka, katika takriban kumi alizopoteza kati ya 2022 na 2023.