Umbali wa Nakala

Herman Knaust alikuwa mkulima wa uyoga katika jimbo la New York. Mwaka 1936 alinunua mgodi wa chuma uliokwisha kazi, apate mahali penye giza na ubaridi wa kuoteshea. Mwaka 1951, Wamarekani wakiishi kwa hofu ya bomu la atomiki, akaligeuza shimo hilo kuwa ghala la nyaraka za mabenki na makampuni. Ndivyo ilivyozaliwa Iron Mountain.

Kompyuta zilipoingia maofisini, karatasi ziliipisha mikanda ya sumaku, ikawa inapakiwa garini na kupelekwa mbali. Jengo likiungua Alhamisi, unarudi kwenye kazi ya Jumatano, iwapo utapata mtambo wa kuisomea mikanda yenyewe. Hapo ndipo wengi walipokwama: data unayo, kompyuta ya kuipokea huna.

Ufumbuzi ulikuwa umeanza kupikwa zamani. Katika miaka ya 1960, wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, waliifanya kompyuta moja kubwa ijione kama nyingi, na mwaka 1972 kampuni ikatangaza VM/370. Kisha VMware, iliyoanzishwa 1998, ikauleta ufundi huo kwenye seva za kawaida. Mashine pepe ni mafaili tu kwenye diski: mfumo endeshi, programu, mipangilio, vyote humo. Yahamishie mafaili hayo kwenye seva ya kiwanda kingine kabisa, na mashine itaamka kama ilivyolala. Kwangu mimi, hakuna hatua iliyowapunguzia mafundi mateso zaidi kuliko hii.

Diski nazo zilikuwa zimekwisha jifunza kuzungumza. Mwaka 1994 kampuni ya EMC ilitoa SRDF, iliyorudufu data kutoka jengo moja hadi jingine palepale inapoandikwa. Seva haipewi jibu la “tayari” mpaka diski ya pili nayo ikiri kwamba imeandika. Usalama huo una bei yake. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga huenda kilomita 200 hivi kwa milisekunde, kwa hiyo kituo kilicho kilomita 100 kinaongeza milisekunde nzima, kwenda na kurudi, kwa kila andiko. Ukitaka kwenda mbali zaidi, lazima ukubali nakala ibaki nyuma kidogo. Ukibaki karibu mno, yanakukuta ya Strasbourg: tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kiliteketea, na wapo wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa palepale.

Tarehe 11 Septemba 2001, kampuni ya udalali ya Cantor Fitzgerald ilipoteza wafanyakazi 658 katika mashambulio ya mjini New York. Mfumo wake wa kuuzia hati fungani ulikuwa na pacha New Jersey, na soko lilipofunguliwa tarehe 13 ulikuwa kazini. Siwezi kuuita huo ushindi.

Mwaka 2012 Microsoft iliweka Hyper-V Replica ndani ya Windows Server, na hata ofisi ndogo ikaweza kurudufu mashine zake kila dakika tano. Lakini urudufishaji hauchagui: faili likiharibiwa huku, uharibifu unafuata kule. Ndiyo maana mifumo hii hutunza pia nakala za saa zilizopita.

Kampuni ya meli ya Maersk ililipia somo hilo Juni 2017, kirusi cha NotPetya kilipoivamia. Seva zake zinazotambua nani ni nani mtandaoni, zipatazo 150, zilikuwa zikirudufiana, kila moja ikiwa akiba ya mwenzake. Zote zilifutwa, isipokuwa moja nchini Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio. Mtandao wa huko ulikuwa wa polepole mno. Kuituma data Uingereza, walikokuwa mafundi wa kuufufua mfumo, kungechukua siku kadhaa. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski yenye data hiyo uwanjani, naye akaruka nayo kwenda London.