Sutama na ndoo ya kufulia: miaka 30 ya homa iliyojificha kwenye mishono

Mwaka 2025 Burundi ilichora upya ramani yake. Mikoa 18 ikawa mitano, komini 119 zikabaki 42. Muyinga ikaingia katika mkoa mpya wa Buhumuza, Ngozi ikawekwa Butanyerera, na watu wa Nyarusange, iliyokuwa moja ya komini 11 za Gitega ya zamani, wakaanza kuzoea mihuri mipya. Katikati ya pilikapilika hizo za kubadili vibao, kumbukumbu moja ilitimiza miaka 30 pasipo kelele. Mwaka 1995, ndani ya gereza la Ngozi, kulizuka maradhi ambayo madaktari wengi duniani walidhani yamebaki vitabuni.

Yalikuwa homa ya chawa, ile inayoitwa tifasi, ambayo haina udugu wowote na homa ya matumbo. Wenyeji waliiita sutama. Haikuletwa na mbu, wala na maji machafu ya kunywa. Ilisafiri ndani ya nguo, ikilala kwenye mishono ya suruali, mashati na mablanketi. Kwa hiyo ukitaka kuisimulia huna budi kuanzia mtoni, kwa wanaofua.

Katika vilima vya Nyarusange ufuaji una taratibu zake. Jumamosi asubuhi ni ya kazi za umma, Jumapili ni ya misa, na katikati yake hubaki saa chache ambazo jua lazima lifanye kazi yote. Maji yako bondeni, nyumba ziko mgongoni mwa kilima. Ndiyo maana familia nyingi huona ni nafuu kuziteremsha nguo kwenye maji kuliko kuyapandisha maji nyumbani. Sabuni ya kipande hukatwa vipande vidogo ili isiyeyuke yote kwa mara moja. Nyeupe hutangulia, za rangi hufuata katika povu lile lile, na khaki za shule, zilizosuguliwa magotini na makalioni, huja mwisho. Kisha nguo hutandazwa kwenye majani au kwenye vichaka, lakini si juu ya uzio wa minyaa, maana utomvu wake mweupe ukigusa kitambaa huacha doa.

Hapo tayari kuna kanuni zinazofuatwa na nyingine zinazovunjwa mchana kweupe. Kutenganisha rangi hakuna anayekupuuza, kwa kuwa hasara yake huonekana siku hiyo hiyo. Kutotandaza nguo kwenye majani, wengi hawajali. Na kanuni ya kuchemsha nguo, ile iliyopigiwa debe kuliko zote kwa miaka mia moja, ndiyo iliyofuatwa kidogo kuliko zote. Sababu ni kuni.

Mambo hayakuanzia kwenye sabuni. Mababu wa Gitega walivaa ngozi na magome ya miti ya jamii ya mkuyu, yaliyopondwa kwa nyundo za mbao mpaka yakalainika. Gome halipendi maji mengi. Hupigwa vumbi na kuanikwa. Vitambaa vya pamba vilisogea polepole kutoka pwani kupitia Ujiji na Uzige, lakini Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo aliwazuia mfanyabiashara Rumaliza na watu wake wasipande milimani. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mugera mwaka 1899, Wajerumani wakahamishia boma lao Gitega mwaka 1912, na Wabelgiji wakashika nchi kuanzia 1916. Pamoja nao yalikuja mashati, mashuka, pasi ya makaa na somo la usafi. Mawese ya ukanda wa Imbo yakageuzwa sabuni, na baadaye kiwanda cha Savonor cha Bujumbura kikalifanya jina lake lijulikane hadi kwenye viduka vya vijijini.

Wakati huo huo, mbali na hapo, somo kubwa kuliko yote kuhusu kufua lilikuwa linaandikwa mjini Tunis.

Charles Nicolle, daktari Mfaransa aliyeongoza Taasisi ya Pasteur ya mji huo tangu 1903, alikuwa akipita kila siku mlangoni mwa hospitali ambako wagonjwa wa tifasi walijilaza wakisubiri kupokewa. Akaona jambo lililomsumbua. Mgonjwa akiwa nje aliambukiza jamaa zake na kila aliyemgusa. Waliompokea na kumvua nguo waliugua. Hata wafuaji wa hospitali, waliopokea zile nguo tu bila kumhudumia mtu, waliugua. Lakini mgonjwa huyo huyo akishaogeshwa na kuvishwa nguo za hospitali, alilala wodini bega kwa bega na wengine bila kumwambukiza yeyote. Kilichobaki mlangoni ni nini? Nguo, na waliomo ndani yake.

Mwaka 1909 Nicolle alithibitisha kwa majaribio ya nyani kwamba chawa wa nguo ndiye mchukuzi, na mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel. Utafiti huo uliwagharimu wengine maisha. Mmarekani Howard Ricketts alikufa kwa tifasi Mexico mwaka 1910. Stanislaus von Prowazek akafa nayo Ujerumani mwaka 1915. Mwaka uliofuata mwenzake Prowazek, Henrique da Rocha Lima, akakiita kimelea cha tifasi *Rickettsia prowazekii*, na hivyo Ricketts na Prowazek wakaingia katika jina la kilichowaua.

Chawa huyo ana tabia inayopaswa kueleweka. Si yule wa kichwani. Haishi mwilini, huja mwilini kula tu. Makazi yake ni mishono, na mayai yake huyagandisha kwenye nyuzi za kitambaa. Akikosa damu kwa muda wa wiki moja hivi, hufa. Maji ya nyuzijoto 60 humwua pamoja na mayai yake. Mtu akipandwa na homa kali, chawa humkimbia na kutafuta mwili mwingine, na hapo ndipo ugonjwa huhama. Tena hauingii kwa kuumwa, bali kwa kinyesi cha chawa ambacho mtu hujisugulia kwenye ngozi anapojikuna. Kinyesi kikavu hubaki na vimelea hai ndani ya nguo kwa wiki nyingi, na ndiyo maana kukung'uta nguo za mgonjwa ni hatari.

Dawa ya adui wa namna hiyo, kwa maneno, ni nyepesi mno: vua, vaa nyingine, chemsha. Neno zito hapo ni "nyingine".

Nyanda za juu za Afrika, zenye baridi inayowafanya watu wavae nguo mchana na usiku, hazikupata kuachana kabisa na tifasi. Katika miaka ya 1970, wagonjwa wengi walioripotiwa kwa Shirika la Afya Duniani walitoka Ethiopia, Rwanda na Burundi. Kisha ikatulia, na dunia ikasahau.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na Burundi ikaingia vitani. Gitega ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia mapema. Watu waliacha nyumba, na katika nyumba hizo waliacha beseni, sufuria, mashuka na ile nguo ya pili iliyokuwa kambani. Kambi zikatapakaa kuanzia Kayanza na Ngozi hadi Gitega, Karuzi na Muyinga. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 yaliyomrudisha Pierre Buyoya, serikali ilikusanya wanakijiji kwa nguvu katika kambi nyingine, Karuzi ikiwa mfano mashuhuri. Nchi jirani nazo zikaiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999, bidhaa zikaadimika na bei zikapaa. Watafiti waliofika baadaye walihesabu watu wapatao 760,000 waliokuwa wakiishi kambini.

Kengele ya kwanza ilikuwa imelia gerezani Ngozi: wafungwa waliobanana, chawa kila mahali, homa kali, maumivu ya kichwa. Sampuli zilisafirishwa hadi maabara ya Didier Raoult mjini Marseille, Ufaransa, na jibu likawa *Rickettsia prowazekii*. Taarifa ilichapishwa mwaka 1997 katika jarida la magonjwa mapya la Marekani. Lakini kufikia hapo moto ulishavuka ukuta wa gereza. Mwaka huo watafiti, akiwemo Daktari Ndihokubwayo wa upande wa Burundi, waliingia kambini, wakakusanya damu na chawa, na mwaka 1998 wakachapisha matokeo katika The Lancet. Kwa makadirio yao sutama iliwashika watu wanaofikia 100,000. Ndani ya chawa hao hao walikuta pia kimelea cha homa ya mahandaki, ugonjwa uliowatesa askari wa Ulaya katika Vita Kuu ya Kwanza. Taarifa hiyo bado inahesabiwa kuwa ya mlipuko mkubwa kuliko yote ya tifasi tangu Vita Kuu ya Pili.

Hapo likazuka swali la nini kitangulie, na swali hilo ndilo lenye utamu kwa anayefuatilia historia ya kufua.

Vitabu vya afya vilisema: uangamize chawa kwanza. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni unga wa dawa unaopulizwa ndani ya nguo mtu akiwa amezivaa. Ilipata sifa Napoli majira ya baridi ya 1943 na 1944, ambako DDT ilipulizwa kwa raia zaidi ya milioni moja. Siku hizi hutumika permethrini. Ya pili ni ile ya Nicolle: nguo safi na maji ya moto. Lakini hebu mtu amfikirie mama wa kambini, juu ya mita 1,500, mwenye kitenge kimoja na watoto wanne. Ili achemshe kitenge hicho inampasa akae uchi, au ajifunike blanketi lenye chawa wale wale. Inampasa awe na sufuria isiyo ya chakula. Inampasa atafute kuni katika vilima ambavyo kuvitembea ni kujitafutia risasi. Na akishamaliza, usiku atalala akigusana na jirani ambaye hajachemsha.

Timu ya Raoult ilitilia mkazo kidonge: doksisaiklini, miligramu 200, mara moja tu. Bila matibabu tifasi inaweza kuua mgonjwa mmoja katika kila kumi, au hata watatu, lakini kwa dozi hiyo moja wagonjwa walipona. Ilikuwa dawa ya bei nafuu, na haikudai kuni wala nguo ya akiba. Watu walipona, lakini chawa walibaki. Kidonge hakifui nguo.

Ni makosa kuusimulia msiba huo kama hadithi ya watu wachafu, ingawa tifasi imebandikwa jina la ugonjwa wa uchafu tangu enzi za wakoloni. Wakulima wa Gitega walijua kufua kabla ya vita na waliendelea kufua baada yake. Walichopoteza kati ya 1993 na 1997 ni vyombo vya kufulia, maji, na zaidi ya yote, vazi la kubadilisha. Inasikitisha kwamba anayetaka kuyajua haya leo hana budi kusoma majarida ya London na Atlanta. Jumba la Makumbusho la Taifa, lililofunguliwa mjini Gitega mwaka 1955, limesifika kwa ngoma, mikuki na vikapu vya enzi za wafalme. Sutama nayo ni historia ya Gitega, na waliopona wangali hai.

Vita vilififia baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 na uchaguzi wa 2005. Mitumba ikajaa masokoni, na kwa shati la pili chawa wa nguo akapoteza nyumba.

Kanuni nyingine zimebaki kubishaniwa. Ile ya kupiga pasi kila nguo iliyoanikwa nje, pamoja na za ndani na nepi, ilisambazwa kotekote Afrika ya kitropiki kwa sababu ya nzi wa embe, anayetaga kwenye nguo mbichi na funza wake huchimba ngozi ya mvaaji. Nyumba nyingi za vijijini Burundi hazina umeme na makaa ni ghali, hivyo pasi hubaki ya shati la misa. Hata hivyo nzi huyo hupenda kivuli. Anayeanika kwenye jua kali mpaka nguo ikauke kabisa hafanyi uzembe, bali anafuata kanuni ya bibi yake, na mara nyingi inatosha.

Mwaka 1997, wakati sutama ikipamba moto, mashirika ya misaada yalianzisha mradi wa Sphere ili kuweka viwango vya chini vya kuwahudumia waliokimbia makazi yao. Viwango hivyo leo vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za sabuni ya kufulia kwa mwezi, pamoja na nguo kamili jozi mbili. Mwanzoni mwa 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi kuingia Burundi, na wengi wakapelekwa Musenyi, upande wa Rutana. Wanaogawa misaada huko wana takwimu za kutosha za mahindi na mahema. Waulizwe pia kuhusu jozi ya pili ya nguo.