Je, Babu Zetu Walikuwa Wajinga?

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mnaoyakalia leo madawati yale yale tuliyoyakalia sisi, nimeombwa niandike habari ya historia katika toleo hili la mkutano wetu. Nimechagua jambo moja lililotokea shuleni kwetu mwaka 1996, nilipokuwa kidato cha tatu, ambalo halijanitoka moyoni hadi leo.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa akifundisha Vita vya Maji Maji. Alipotueleza kwamba wapiganaji waliamini kuwa dawa ya maji, mafuta ya mbarika na mtama ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, darasa zima liliangua kicheko. Mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwani babu zetu walikuwa wajinga?" Mwalimu hakukasirika. Alifunga daftari lake, akasema kuwa swali hilo halijibiwi ubaoni. Juma lililofuata alituletea nakala nne za *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein, akatuambia tuicheze.

Yafaa niwakumbushe wasomaji tamthilia hiyo ilizaliwa wakati gani. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa ikikusanya masimulizi ya wazee wa kusini juu ya vita hivyo, na Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Mwaka uliofuata, 1969, *Kinjeketile* ikachapishwa. Nchi yetu ilikuwa imepata miaka minane tu ya uhuru. Katika shule za wakati wa mkoloni michezo iliyochezwa aghalabu ilikuwa ya Kiingereza, na mfalme wa jukwaani alikuwa mfalme wa ng'ambo.

Si kwamba wazee wetu hawakuwa na sanaa ya kufundishia. Walikuwa na jando na unyago, ngoma, ngano na majigambo. Hapa hapa Dar es Salaam, mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alivitumia vikundi vya ngoma vya akina mama kuwaingiza wanawake wengi katika chama cha TANU. Wala si sisi peke yetu tulioipeleka historia ya Mtu Mweusi jukwaani. Mwaka 1936 C. L. R. James wa Trinidad alionyesha mjini London mchezo wake juu ya Toussaint Louverture, aliyewaongoza watumwa wa Haiti katika mapinduzi yao, na Paul Robeson ndiye aliyecheza nafasi ya shujaa huyo. Nao majirani zetu wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo, walitoa mwaka 1976 mchezo wao juu ya kesi ya Dedan Kimathi. Wote hao walitambua kwamba mtu aliyenyimwa historia yake hatosheki kuisoma tu. Anataka kuiona ikisimama na kutembea.

Katika mchezo wetu mimi nilipewa nafasi ya mnyapara wa shamba la pamba. Niliipokea kwa shingo upande, kwa kuwa kila mmoja wetu alitaka kuwa Kinjeketile. Siku ya kwanza ya mazoezi niliwapiga wenzangu kwa kamba ya katani huku nikicheka. Mwalimu akanisimamisha, akaniuliza: "Huyu mnyapara ni mtu wa wapi? Ana mke? Jioni anakula wapi?" Nilishindwa kujibu. Usiku ule nilitafakari sana. Mnyapara alikuwa mtu mweusi kama hao aliowapiga, na huenda alikuwa wa ukoo wao. Kitabu changu cha historia kilikuwa kimeniambia kwamba Wajerumani waliwatesa Waafrika, na hilo ni kweli. Lakini hakikunilazimisha kuukamata mchapo kwa mkono wangu na kujiuliza ni woga, ni tamaa au ni njaa iliyomfanya mtu aukamate. Baadaye nilisoma kuwa upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389, na sikuhitaji kuelezwa maana ya tarakimu hizo.

Tulicheza jioni moja ya Ijumaa mbele ya shule nzima. Watu walipoanza kuanguka mbele ya bunduki hakuna aliyecheka, hata yule mwenzetu aliyeuliza swali. Tulipomaliza, mlinzi wa shule, mzee wa Kimatumbi, alitujia nyuma ya jukwaa. Tulidhani atatusifu. Akasema, "Wanangu, mmecheza vizuri, lakini mmeishia kwenye bunduki. Kwetu hatusimulii sana bunduki. Tunasimulia njaa. Babu yangu mzaa baba alikufa kwa njaa." Kisha akarudi lindoni kwake.

Maneno ya mzee yule ndiyo yaliyonipeleka kwenye vitabu. Nilikuta kwamba kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliwaamuru majumbe wafungue mashamba ya pamba, na watu wakalazimishwa kuyalima kwa malipo haba mno huku mashamba yao wenyewe yakiota majani. Mwezi Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba hiyo, na vita vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa dawa ile, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 mwezi huo huo maelfu waliishambulia boma ya Mahenge, wakapokewa kwa bunduki za rashasha. Wajerumani walipoona vita haviishi, wakachoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Wakoloni wenyewe walikadiria kuwa waliokufa ni 75,000. Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa. Mzee alikuwa amesema kweli.

Basi, je, walikuwa wajinga? Watu wa makabila zaidi ya 20, wasiokuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja, na baadhi yao wakiwa maadui wa jana, walisimama pamoja katika eneo kubwa la kusini ya nchi hii. Maji ndiyo yaliyokuwa kiapo chao. Dawa ilishindwa kuzuia risasi, lakini kabla ya hapo ilikuwa imewaunganisha watu. Hapo ndipo Ebrahim Hussein alipoliweka swali lake: je, ni haki kuwaunganisha watu kwa jambo lisilo la kweli? Hakutupa jibu rahisi, na ndiyo sababu tuliendelea kubishana bwenini hadi taa zilipozimwa.

Lakini napenda kutoa tahadhari. Tamthilia si historia. Mwandishi mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Yule wa historia alinyongwa siku chache tu baada ya vita kuanza. Yule wa jukwaani anaishi hadi kuyaona maafa ya watu wake. Mwanafunzi anayecheza mchezo asifungue kitabu atabaki na hadithi tu. Anayefungua kitabu asiingie katika nafsi ya mtu atabaki na tarehe tu. Hapana budi viwili hivyo viende pamoja, na cha tatu kiwe sikio la kuwasikiliza wazee, maana mlinzi wetu alijua jambo ambalo jukwaa letu lililisahau.

Kazi hii inawezekana. Mwaka huo huo wa 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mpango wa TUSEME, ambamo wasichana wa sekondari walitumia maigizo kuyasema matatizo yao wenyewe. Kama vijana wanaweza kuigiza maisha yao ya leo, wanaweza pia kuigiza ya jana.

Nayo ya jana hayako mbali. Wilayani Temeke iko shule ya sekondari iitwayo Kibasila. Ni vijana wangapi wapitao pale kwa daladala wanaojua kwamba Kibasila alikuwa jumbe wa Uzaramo, na kwamba moto wa Maji Maji ulifika hadi huko? Kunduchi, wilayani Kinondoni, yako magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi. Magomeni iko nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere wakati wa kupigania uhuru. Kila mahali hapo pana mchezo unaosubiri kuandikwa.

Kwa hiyo natoa rai kwa mkutano wetu. Pamoja na michango ya madawati na mabati, tutenge kila mwaka fedha kidogo ya nguo, ngoma na nauli, ili kidato kimoja kiende kuwasikiliza wazee, kisome, kisha kirudi kucheza mbele yetu. Ningependa tuanze na Kibasila. Nanyi wanafunzi, atakayecheka darasani asionewe haya, na atakayeuliza kama babu zetu walikuwa wajinga asinyamazishwe. Apewe nafasi jukwaani. Kuuliza si ujinga.