Picha za Ukoo, Sura ya Mji

Mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, Zanzibar. Alimpiga picha Sultani Khalifa bin Harub, na watu wa kawaida pia. Mwanawe, Rohit, aliendeleza kazi hiyo.

Zama hizo kwenda studio lilikuwa jambo la kujiandalia. Sikukuu ya Idi watu walivaa nguo mpya. Wachumba walitaka picha, na msafiri aliwaachia wazazi nakala ya ukumbusho. Tazama, katika picha ya ukoo, namna watu walivyopangwa: mzee kakaa kitini, vijana wamesimama nyuma, mtoto kashikwa bega asitikisike. Mpangilio huo una heshima zote za nyumbani ndani yake. Angalia kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya viua, hina mikononi. Kila mmoja kachagua namna ya kuonekana, na mpiga picha kaifanyia kazi kwa taa, pazia na subira. Katika studio nyingi picha nyeusi na nyeupe zilitiwa rangi kwa mkono, kwa brashi nyembamba. Hii ni sanaa kamili, hata kama fremu yake ilining'inizwa sebuleni tu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, familia nyingi ziliondoka Unguja. Picha zikafungwa masandukuni na kupelekwa hadi Oman na Uingereza, ambako wajukuu bado huwauliza wakubwa: huyu ni nani, na huyu aliyesimama pembeni?